Nyumba Iliyosimama Njia ya Ndege

Kwenye kilima chetu mtu hachimbi msingi kimyakimya, hata kama ni wa choo. Ukitaka kujenga unapika kwanza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ikishaiva unabeba kibuyu na mirija, unapita nyumba kwa nyumba: jamani, naanza kujenga, mkisikia nyundo msishtuke, na mawe yangu yakipitia shambani kwenu mnisamehe. Wanakunywa, wanakwambia haya, jenga. Baada ya hapo hakuna wa kuja kulalamika kwamba umemzibia njia, au kivuli cha ukuta wako kimeua maharage yake. Asiyejulisha tunamwogopa, na nyumba yake watu hawaingii.

Kwa hiyo asije mtu akasema mimi Adelfina sikujulisha. Nilijulisha kilima kizima. Nilikwenda mpaka kwa Niyonkuru, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu mbuzi wake aingie kwenye mahindi yangu. Nikamwekea kibuyu mlangoni. Akanywa, akapangusa mdomo, akajifanya hakumbuki tuligombania nini. Mzee yule hana aibu, lakini alisema jenga, nami nikaridhika.

Nyumba yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Derick, mwanangu. Nilizaa watatu, Mungu akachukua wawili, akabaki Derick, na Derick akachukuliwa na Dar es Salaam. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akaoa Joan, wakazaa watoto wawili ambao nawajua kwenye simu tu, tena wanakimbia kimbia siwaoni vizuri. Mara ya mwisho alikanyaga hapa kwetu Kirushya tulipomzika baba yake. Siku anaondoka alisimama pale juu ya kilima, mahali ambapo baba yake alikuwa akichungia ng'ombe, akaangalia vilima vya Rwanda ng'ambo ya pili. Akaniambia maneno ambayo nimeyala na kuyalalia miaka yote hii.

"Mama, hapa nitajenga ghorofa. Ikiisha narudi na familia yangu. Nitafungua ofisi ya mizigo pale mpakani Rusumo, na hutalala peke yako tena."

Sikumwomba ghorofa. Mimi nyumba yangu ya bati iko chini, katikati ya migomba, inanitosha na inabaki. Lakini mtoto akisema narudi ghorofa ikiisha, wewe mama ungesema nini? Nilipika rubisi.

Mafundi wakaja. Mkuu wao alikuwa Kazimili, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake, ng'ombe wakaisha, akashika mwiko. Mtu mpole, anapiga mluzi akipanga tofali, na akikosea anaongea na tofali badala ya kujilaumu mwenyewe. Alikuja na wenzake, wakasimika mirunda ya mikaratusi kuzunguka jengo, wakapanda juu, na kilima kikaamka. Nilikuwa nawapikia ndizi na maharage, wananiita mama, wanagombania ukoko. Nilikuwa natoka kwenye migomba asubuhi nasikia mluzi, nasema asante Mungu, kuna watu. Nikwambie ukweli, sikutamani waharakishe. Halafu nakumbuka kwamba ikiisha Derick anarudi, naanza kuwafokea kwamba wanazembea. Kazimili alikuwa ananicheka. Alisema mama, leo unatufukuza, jana ulitubembeleza tubaki tunywe chai.

Derick alikuwa anapiga simu kila mwisho wa wiki. Imefika wapi? Nguzo za juu zimesimama? Namwambia mguu wangu unauma, anasema pole mama, nenda hospitali, na zege la ngazi limekauka? Nilikuwa najibu. Nilijifunza majina ya vyuma na vipimo vya kokoto kama mtu aliyesomea, ili tu mazungumzo yasiishe haraka.

Sasa, uwanja wa ndege. Ukisikia uwanja usifikirie mambo ya Mwanza. Wetu ni kipande cha ardhi ya murramu kilichonyooka kwenye mgongo wa kilima cha jirani, na ncha yake moja imetutazama sisi. Mbuzi wanalala pale. Ndege ni ya kusikia mara moja moja: inaleta madaktari, au inachukua mgonjwa aliyeshindikana, kama ilivyomchukua Priscila, mkamwana wa Esperansia jirani yangu, siku alipojifungua na damu ikakataa kusimama. Alirudi mzima. Mtoto wake sasa anaiba mapera yangu.

Asubuhi moja mafundi wako juu, wameanza kuta za ghorofa ya tatu, ndege ikaja. Tuliiona ikishuka kutoka upande wetu, kama inavyoshuka siku zote. Mara sauti ikabadilika, ikanguruma kwa hasira, ikainua pua, ikapita juu ya mirunda karibu kabisa. Karai la zege likaanguka. Kazimili alikuwa amelala kifudifudi kwenye ubao, mikono kichwani, na mluzi umemkauka. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, sikuweza hata kuiweka chini. Ndege ikazunguka mbali, ikaja kushukia upande wa pili.

Walipoteremka kutoka juu walikuwa wanacheka, kicheko kile cha mtu aliyeogopa. Nami nilitukana. Nilisema huyo dereva wa ndege amelewa, hajui kwamba hapa kuna nyumba ya watu? Nilisema mengi zaidi, na sitayarudia hapa kwa sababu mimi ni mtu wa jumuiya ya kanisa.

Haikupita muda nikaona mtu anapanda njia ya kilima peke yake. Msichana, shati jeupe, viatu vyeusi vimejaa vumbi jekundu. Akafika, akainama, shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akasema anaitwa Irine, ndiye aliyekuwa anarusha ile ndege. Amewaleta madaktari wa macho, atawangoja hadi jioni, ameona apande aione hii nyumba kwa karibu.

Nikayameza matusi yote. Binti mdogo vile! Halafu kitu kingine kikanishika, nikaangalia pembeni nisionekane. Tangu ile nyumba ianze kusimama, huyu ndiye mgeni wa kwanza aliyekuja kwangu akapiga hodi. Jirani anakuja kuomba chumvi, fundi anakuja kazini. Mgeni wa kutoka mbali, wa kufutiwa kiti, hakuna. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi siku ile nilipona, ingawa alikuja kunishtaki.

Nilimkaribisha chini kwenye migomba. Nikampa uji, rubisi alikataa, alisema anarusha jioni. Alikula ndizi zangu akaomba tena. Akanisimulia kwamba mama yake yuko Same, naye yuko peke yake, na kila akipita angani karibu na kwao anajisemea leo nitampigia, halafu anatua amechoka, analala. Nikamwambia mpigie sasa hivi. Akapiga mbele yangu. Nilisikia sauti ya yule mama ikipanda kwa furaha, nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Alipomaliza ndipo akasema lililomleta. Alisema anapokuja kutua, ndege inashuka polepole kwa njia moja ambayo haionekani lakini ipo, kama ngazi ya mteremko, na ngazi hiyo inapita juu ya kilima chetu. Nyumba imeanza kuingia ndani yake. Mirunda tayari imeingia. Siku ya jua kama leo ameiona. Siku ya ukungu, na ukungu wa kwetu unaujua mwenyewe, asingeiona.

"Mama, mlimjulisha mtu kabla ya kujenga?"

"Nilijulisha kilima kizima," nikamjibu, na sauti yangu ikapanda. "Nimepita kila mlango. Muulize Niyonkuru."

"Na sisi?"

"Nyie mnaishi wapi?"

Hakucheka. Alisema sisi ni jirani zenu wa juu, mama, hatuna mlango wa kubisha, ndiyo maana kuna watu wa usafiri wa anga wanaopokea taarifa kwa niaba yetu. Anayetaka kujenga kirefu karibu na uwanja anawaambia kwanza, wanapima, wanasema mwisho wako hapa. Mirunda aliyoiona ataisema, ni kazi yake. Lakini kilichobaki kujengwa anakijua mwenye nyumba tu. Akaniachia namba yao. Akaniaga kwa mikono miwili, na jioni ndege ilipoondoka ilielekea upande ule mwingine.

Basi nilikaa na aibu yangu. Kila jirani nilimpa kibuyu, hata mwenye mbuzi mla mahindi, na jirani aliyemrudisha Priscila nyumbani sikumkumbuka. Tulikuwa tunaona ule uwanja kama malisho. Nani anapeleka rubisi kwenye malisho?

Nikampigia Derick. Nilidhani atashtuka. Alishtuka kweli, lakini si nilivyodhani. Akaniuliza kuna mtu ameandika chochote? Nikasema hapana, msichana wa watu amekula ndizi akaondoka. Akashusha pumzi. Akasema mama, sikiliza vizuri. Mwambie Kazimili aongeze mafundi, wapandishe kuta, waezeke haraka, na tangi la maji likae juu. Jengo likishaezekwa hakuna anayevunja, watakuja watapiga kelele wataondoka. Na ukiulizwa, wewe ni mama wa kijijini, sema hujui.

"Lakini mwanangu, ndege inapita hapo."

"Mama, ndege ngapi kwa mwaka? Unataka nirudi au hutaki?"

Aliuliza hivyo. Naye alijua jibu. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko mlango wa nyumba ile kufunguliwa na mtoto wangu asubuhi, ananiuliza mama umeamkaje. Nikasema nataka. Nikakata simu, nikaenda kumwambia Kazimili aongeze watu.

Wakaongezeka. Kuta zikapanda. Ungefikiri ningefurahi, kilima kimejaa watu, nasonga ugali wa sufuria mbili. Lakini kila nikiinua macho naangalia anga juu ya kuta, si kuta zenyewe. Jumapili nikatoka kanisani na Esperansia, na Priscila yuko mbele yetu amembeba yule mwizi wa mapera mgongoni, mtoto mkubwa vile bado anabebwa. Esperansia akanisifia nyumba. Akasema Adelfina, una bahati, wako anarudi. Nikaitikia. Nikaangalia ile shingo ya Priscila na yule mtoto amelalia pale, nikawaza siku ya ukungu. Nikawaza na Irine, na yule mama wa Same anayefurahi kwenye simu. Nilijiambia si mimi ninayejenga. Moyo ukanijibu, wewe ndiye unayesonga ugali.

Nilifika nyumbani, sikuvua hata kitenge cha kanisani. Nikapiga ile namba.

Mtu wa anga alikuja na gari na wenzake, wakiwa na vyombo vya kupimia vya miguu mitatu. Afisa mstaarabu, wa kuvaa kofia. Kazimili akajitetea. Alisema mheshimiwa, ghorofa tatu si kitu, nimepima kutoka msingi mpaka juu, haizidi hata mikaratusi ya misheni. Afisa akamwambia fundi, umepima sawa, ila umeanzia pabaya. Sisi hatuanzi kwenye msingi wako, tunaanzia kule uwanjani. Kilima chenyewe ni ghorofa zako za kwanza. Sote tukageuka tukaangalia uwanja, uko chini yetu, na mbuzi wanaonekana wadogo. Kilima tulikuwa hatujakihesabu. Mtu amezaliwa juu ya kilima, atakihesabu vipi?

Wakasema ghorofa mbili zibaki, ziezekwe kwa paa la bati lisiloinuka sana. Ya tatu na nguzo za tangi ziondoke. Tena afisa akagusia miti. Akasema mama, hata mti ukifika kimo hicho ni yale yale, kwa hiyo upande huu usipande mirefu, na ukitaka kupanda utuambie. Nikamwambia nimesikia.

Derick nilimwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa Kazimili. Nilisema ni mimi niliyewaita.

"Nakuja," akasema.

Na akaja! Miaka yote nikingoja ghorofa impandishe basi, kumbe kilichompandisha ni kubomoa. Alishuka na begi dogo, amenenepa, ana mvi pembeni kama baba yake. Hakuniangalia vizuri. Alinisalimia shikamoo kama mtu anayelipa nauli, akapanda kilima, akasimama mbele ya jengo lake akashika kiuno. Alinisema. Alisema nimemwaibisha, nimemtupia jasho lake, hakuna mama anayeipigia serikali simu juu ya mwanawe. Niliacha aseme. Mdomo wangu hauna kufuli, anayenijua anajua, lakini siku ile niliufunga. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa naangalia jinsi anavyokunja paji la uso, nikisema moyoni, mwangalieni, amekuja.

Alikataa kukaa pembeni. Alichukua nyundo, akapanda na Kazimili, wakabomoa pamoja. Nilimsikia toka chini kwenye migomba, najua pigo lake na pigo la Kazimili. Mchana anashuka amejaa vumbi, anakula ndizi na maharage, hasemi, lakini anaongeza. Alilala kwenye kitanda chake cha zamani, miguu inatokeza. Asubuhi alitoka akanikuta jikoni, akaniuliza mama umeamkaje. Nilimjibu nimeamka salama, na nikageukia moshi, kwa sababu moshi unaeleza machozi yote.

Mungu anisamehe, niliomba zile tofali ziwe ngumu.

Hazikuwa ngumu. Kazimili alikuwa ameweka saruji kidogo, mpuuzi yule. Kuta zikaisha, nguzo zikakatwa, mafundi wakaezeka, wakafungasha. Kazimili aliniaga akipiga mluzi, akasema tutaonana mama, na wote tulijua anarudi Biharamulo moja kwa moja. Nikabaki na Derick. Tulipanda pamoja tukaingia kwenye ile nyumba, vyumba vitupu vinaitikia sauti. Nikamwambia hiki ni kikubwa, kinawatosha wewe na Joan, na hiki cha watoto. Nikamwambia hata bila ya tatu ni nyumba nzuri. Ofisi ya Rusumo ipo palepale, malori hayajaisha.

Alisimama dirishani muda mrefu. Hasira ilikuwa imemtoka, na nikaona ni afadhali ingebaki.

"Mama," akasema, "hata ingeisha yote, sisi kurudi huku..."

Hakumaliza. Nami sikumsaidia kumaliza. Nilisema twende ukale, basi lako ni la asubuhi.

Sasa nyumba ipo. Padri aliibariki. Naanika maharage ghorofani, panya hawajajua ngazi. Watu wakipita wanasema Adelfina ana ghorofa, na Niyonkuru anasema imekatwa kichwa, lakini huyo alikunywa rubisi yangu mara mbili, ya msingi na ya baraka. Ndege inakuja kwa njia yake kama zamani. Kama ni Irine sijui, kutoka chini wote ni shati jeupe, lakini huwa nasimama nje na kupunga mkono mpaka itue. Derick anapiga simu mara moja moja. Hana tena cha kuuliza. Vyuma vimeisha, kokoto zimeisha, tunasema hali ya hewa.

Mvua za vuli zilipoanza nilinunua mche mmoja wa mkaratusi sokoni Kanazi, nikaupanda kule juu, pembeni ya ile nyumba. Kabla ya kuchimba shimo nilimpigia afisa wa kofia. Nikamwambia nakujulisha kama ulivyosema, nataka kupanda mti mrefu. Akaniuliza mama, kwa nini usipande parachichi, ni fupi na utakula. Nikasema nataka mkaratusi. Akasema basi lazima kuwe na mtu wa kuukata kabla haujazidi paa, na awe mtu wa kuaminika. Nikamwambia yupo. Nikampa jina la Derick.

Kisha nikampigia na Derick mwenyewe. Nikamwambia kuna mti hapa kwenye nyumba yako, unakua, ndege inapita, na serikali inajua kwamba wewe ndiye utakayekuja kuukata.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mkaratusi unachukua miaka kufika huko."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nakujulisha mapema."

Kwetu hakuna anayemwagilia mkaratusi maji, mti ule unajitafutia wenyewe. Mimi nabeba ndoo napanda nayo kilima, namwagilia asubuhi na jioni.